Rekodi ya Kumi

Mimi ni mtu wa kushuku. Sifichi, wala sioni haya. Mtu akinisalimia mara mbili kwa siku moja nauliza anataka nini. Mama yangu alinionya kwamba tabia hii itaninyima mume, na kweli ikaninyima, lakini ikanipa kazi. Siku ya usaili katika Maktaba ya Kauli hapa Njombe, Mzee Zakaria Nyigo, mkutubi mkuu, aliniuliza swali moja tu: "Binti, katalogi ikikuambia kitu hakipo, utafanya nini?" Nikamjibu kwamba nitamtafuta aliyeipanga hiyo katalogi, nimuulize yeye. Mzee akacheka mpaka miwani ikamtoka. Jumatatu nikaanza kazi.

Basi kwa miaka minane mipangilio ya utafutaji ilikuwa yangu mimi, Skolastika Mtewele. Msomaji alipoandika jina kwenye mashine, mimi ndiye niliyekwisha kuamua mashine itazame wapi, ipuuze nini, na ilete nini kwanza. Watu walidhani ni kazi ya kubonyezabonyeza tu. Niliwaacha wadhani.

Jumanne ile, wiki moja kabla ya Krismasi, Mama Erasto alikuja kwa mara ya tatu.

"Kamwene, dada Skola."

"Kamwene, Mama Erasto. Mbona umelowa hivyo?"

"Mvua ya Desemba, utaikwepea wapi?"

Akanipa kadi yake ya msomaji. Ilikuwa imeandikwa Yusta Mgaya, lakini jina hilo hakuna aliyelitumia. Akaenda mashine namba nne, ileile ya siku zote, akaketi na kanga yake inachuruzika maji, akaandika kwa kidole kimoja jina la mumewe: Bosko Kilasi. Mashine ikajibu kama ilivyojibu mara mbili za kwanza. Hakuna kilichopatikana.

"Iangalie tena," akaniambia.

"Mama, mashine haichoki kuangalia."

"Mashine haichoki. Nawashuku walioiweka."

Loo! Maneno yangu mwenyewe, kutoka kinywa cha mtu mwingine. Nilivuta kiti nikakaa karibu naye.

Alikuwa mjane wa miezi sita. Mumewe alikuwa mlinzi wa kiwanda cha mbao kule bondeni, na mwezi wa sita, baridi ikiwa imeshika kisawasawa, kiwanda kikaungua na mlinzi akafia ndani. Wachunguzi walichambua majivu siku tatu, hawakukuta chanzo cha moto. Walichokikuta ni kibiriti mfukoni mwa marehemu. Wakaandika kwamba yeye ndiye aliyechoma.

Nyinyi mnaoishi mbali huenda mkaona ni jambo dogo. Sisi huku tuliishi Miaka ya Moto, misitu ya misonobari ilipoungua kutoka Makambako mpaka Ludewa na watoto wakazaliwa hawajui rangi ya mbingu. Tangu hapo sheria ya moto haina mchezo. Anayeleta moto kwenye mbao, kwa makusudi au kwa uzembe, awe hai au maiti, hufutwa jina. Jina hutolewa kwake na kwa kila mtoto anayelibeba. Aliyefutwa hasaini, haandikishwi popote, na siku akifa punje yake, ile chembe ya nyuma ya sikio, haipokelewi kwetu.

"Ijumaa saa nane Baraza linakaa," alisema. "Wakishasoma, Erasto wangu si Kilasi tena. Ana miaka saba, dada. Juzi ndiyo kwanza amejua kuliandika jina lenyewe. Ameliandika mpaka kwenye mlango wa choo."

"Na punje ya baba yake ilifika hapa?"

"Niliileta mimi kwa mkono wangu. Nikapewa risiti."

Akaitoa, imekunjwa mara nne. Muhuri ulikuwa wetu.

"Bosko hakuchoma kitu," akasema. "Nilimpelekea makande jioni ile, kilomita tatu kwa miguu. Aliyala yakiwa bado yanatoka moshi. Mtu aliyekusudia kuchoma kiwanda atakaa ale makande, amwambie mkewe chumvi imekolea? Akaniambia niende nyumbani, mtoto asilale peke yake. Hayo yote punje yake imeyasikia. Iko wapi?"

Nikamwambia arudi Ijumaa asubuhi. Nilimwahidi kwamba kama ipo nitaipata, na kama kuna mtu aliyeificha nitamtoa hadharani akiwa na vidole vyake kumi. Niliahidi kwa hasira, na ahadi ya hasira ina gharama yake.

*

Punje huwekwa nyuma ya sikio la kushoto siku mtu anapotimiza miaka kumi na minane. Ni ndogo kama chembe ya ulezi, nayo husikia kila anachosikia mwenyewe mpaka kufa kwake. Akifa, huletwa kwetu, na kuanzia hapo huitwa kauli, ushahidi ambao Baraza halina budi kuusikiliza. Lakini Baraza halitafuti. Baraza hupokea namba iliyotoka kwenye katalogi, basi. Sheria yao ina maneno mawili, yamechongwa juu ya mlango wao: Asiyepatikana hakusema.

Ghalani kwetu zilikuwa punje milioni mbili na ushee, hazina maandishi wala alama. Mkono wa mashine huziweka popote penye tundu tupu, na kuzihamisha kila mara ili mwizi asijue pa kuanzia. Anayejua ya nani iko wapi ni katalogi peke yake. Kitu kisichopatikana kwa kutafuta, hata uingie ghalani na kurunzi ukae humo mwaka mzima, umekikosa.

Kwa hiyo sikwenda ghalani. Nilifungua mipangilio.

Nilianza na vichujio, kimoja baada ya kingine. Rekodi zilizorudiwa hazionyeshwi kwa umma, sawa. Kauli zilizozuiwa na mahakama, sawa, na ya Bosko haikuwemo. Nikapima uzito wa sehemu ya jina, sehemu ya mahali, sehemu ya mada. Kila kitu kilikuwa kama nilivyokiacha. Nikaanza kujiona mjinga. Nilitaka kuhakikisha angalau utafutaji wenyewe unafanya kazi, nikafanya kile tunachofanya sote: nikamtafuta bibi yangu.

Hapa inabidi nieleze desturi yetu, maana bila hiyo hakuna hadithi. Katalogi ina tawi liitwalo Majaribio, la kujifunzia. Mfanyakazi mpya hupewa zoezi la kuandika rekodi moja ya uongo humo, na tangu zamani kila mmoja huandika jina la bibi yake. Hayo ni mazoezi tu, mabibi wale walikufa kabla ya punje kubuniwa. Tawi hilo umma haulioni. Kichujio chake nilikiweka mwenyewe mwaka wangu wa kwanza. Kila mwisho wa mwaka, Ijumaa ya kuhesabu mali, na mwaka huo ilikuwa Ijumaa hiyohiyo ya Baraza, saa kumi jioni, mfumo hulifuta tawi zima wenyewe, bila kuuliza mtu. Jumatatu tunawaandika tena mabibi zetu huku tunataniana. Mzee Nyigo alikuwa amemwandika bibi yake mara thelathini na moja, na bado alikuwa anakosea tarehe ya kuzaliwa.

Sisi ni wafanyakazi tisa. Nilipofungua Majaribio, rekodi zilikuwa kumi.

Nilizisoma polepole. Bibi Sekela wangu, yumo. Wa Mzee, yumo. Nikawahesabu wote tisa. Ya kumi haikuwa na jina, mahali wala mada. Ilikuwa na namba tu ya tundu la ghalani. Rekodi za majaribio hazina tundu, kwa sababu bibi zetu hawana punje.

Nikafungua kumbukumbu ya mabadiliko, ile inayoandika nani kagusa nini na saa ngapi. Rekodi ilikuwa imehamishiwa Majaribio tarehe ishirini na tatu Juni, saa nne na dakika kumi asubuhi. Aliyeihamisha: S. Mtewele.

Mimi!

Nilikaa kama niliyepigwa kofi mbele ya wakwe. Nilijishuku, kweli tena. Niliwaza labda nilifanya kwa bahati mbaya, labda nimeanza kuchanganyikiwa kama shangazi yangu. Halafu akili ikarudi. Saa nne ni saa ya chai. Mwezi wa sita, baridi ya kukata masikio, wote hukimbilia jikoni kwenye joto, na mimi, msimamizi wa mipangilio, mtu wa kushuku ulimwengu mzima, huiacha mashine yangu wazi kwa dakika ishirini. Nilimshuku kila mtu isipokuwa hao ninaofanya nao kazi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na katika sisi tisa yuko mmoja tu asiyekunywa chai, kwa sababu ya vidonda vya tumbo.

*

Sikubisha hodi. Mzee Nyigo alikuwa anapanga barua za kustaafu kwake. Januari angekwenda zake Wanging'ombe kufuga nyuki. Aliponiona uso, akaziweka pembeni.

"Mzee, ya kumi ni ya nani?"

"Funga mlango, Skola."

"Sifungi! Umetumia akaunti yangu. Ningefungwa mimi. Umeiweka Majaribio ukijua Ijumaa mfumo utaifuta wenyewe, hakuna saini, hakuna shahidi. Wamekupa nini wenye kiwanda?"

"Hakuna aliyenipa kitu."

"Aka! Na yule mama anayekuja hapa amelowa kama kifaranga, wewe unampita unamwambia pole!"

Hakukasirika, na hilo likanizidishia hasira. Alifungua mtoto wa meza, akatoa visikilizio vya zamani, vile vya waya, akavisukuma mbele yangu.

"Saa ya mwisho," akasema. "Sikiliza, halafu uniite jina lolote unalotaka."

Saa ya mwisho ni kazi ya mwandishi wa katalogi. Huwezi kuandika mada za kauli bila kuisikia, basi kanuni inasema asikilize saa moja ya mwisho ya uhai wa mtu, asizidishe. Mtu yeyote Njombe anajua hivyo. Wengine hata hutania wakiwa wagonjwa: wacha nimtukane jirani yangu, mkutubi asikie.

Nikavivaa.

Kwanza mlango wa bati. Kikohozi cha mwanamume. Halafu sauti ya Mama Erasto, changa na yenye kucheka, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Kula yangali moto. Na nimekuletea jiko, ujipashe."

"Yusta, jiko humu ni marufuku."

"Marufuku itakutibu nimonia? Nimeliweka hapa nyuma ya maranda, upepo usilizime. Nitakuja kulichukua asubuhi kabla hawajafika."

"Utaniponza wewe mwanamke." Naye alikuwa anacheka. Alikula. Akasema chumvi imekolea. Akamwambia aende, mtoto asilale peke yake.

Kisha hatua za mlinzi anayezunguka. Muda mrefu wa hatua tu. Halafu mlio kama wa karatasi inayokunjwa, ukakua. Akapiga kelele za kuita watu, akakimbia, mlango ukagonga, na nikasikia upepo. Alikuwa ametoka nje. Bosko Kilasi alikuwa nje, salama, anahema.

Akasema neno moja, kwa sauti ya chini. "Jiko."

Akarudi ndani.

Nisingependa kueleza yaliyofuata. Nilisikia chuma kikiburutwa, nikamsikia mtu anayeshika chuma cha moto kwa mikono mitupu. Nikasikia maji yakichafuka, lile bwawa la kulowekea magogo chini ya dirisha la nyuma la kiwanda. Alipogeuka kutoka, paa likaanguka. Na chini ya paa, kwa pumzi zilizobaki, akaanza kuongea, na alikuwa anaongea na sisi.

"Wewe mkutubi. Najua utanisikiliza, ndiyo kazi yenu. Jiko liko bwawani, hawatalikuta. Yusta asijue. Sema nilijitakia mwenyewe. Nakuomba, ndugu yangu, sikujui lakini nakuomba. Mtoto anahitaji mama."

Nilivua visikilizio. Nilikuwa nalia, na ninapolia nakuwa mkali zaidi.

"Kwa hiyo umemfuta."

"Nimemtii," akasema Mzee Nyigo. "Miaka thelathini na moja nasikiliza watu wanaokufa. Wanaita mama zao, wanaita Mungu. Huyu aliniita mimi, Skola. Ningefanyaje?"

"Ungeandika katalogi! Tuliapa. Mkutubi hachagui nani apatikane. Na huyo marehemu wako hakufikiria jina la mwanawe?"

"Alikuwa anaungua. Hakuwa anasoma sheria." Akafuta miwani ingawa haikuwa na kitu. "Haya, nenda kamwonyeshe. Mwite yule mama, mvalishe visikilizio, umwambie: mama, jiko lako ndilo lililomuua mumeo, na alikuwa ameshatoka, akarudi kulificha kwa ajili yako. Nenda. Mimi nimeshindwa miezi sita. Pengine wewe una moyo wa kufanya hivyo."

Sikwenda. Nilikaa pale mpaka mvua ikakatika. Nikimwonyesha, nimemchoma na yeye. Nikimficha, nimemwibia mumewe mara ya pili, na mtoto jina. Na hakukuwa na mtu wa kumshuku tena, jambo ambalo kwangu ni ugonjwa.

Kisha nikakumbuka makande. Yalikuwa yanatoka moshi, alisema, baada ya kilomita tatu za kutembea katika baridi ya Juni. Nilimsikia kwa masikio yangu nikapita. Makande hayatoki moshi baada ya safari hiyo, isipokuwa yamepashwa mahali alipoyafikisha, na jiko hakunitajia.

Hapo nikaanza kumshuku Mama Erasto mwenyewe. Mtu anayekuja mara tatu kutafuta kitu, anaandika jina lilelile, mashine ileile, halafu anakwenda zake bila kujaribu neno jingine lolote: huyo anatafuta, au anakuja kuhakikisha?

*

Alhamisi nilifanya nilichofanya, na nilitumia akaunti yangu, mchana kweupe.

Niliitoa rekodi ya kumi katika Majaribio, nikairudisha katika kauli za umma, ili Ijumaa saa kumi isiguswe. Nikaandika jina la Bosko Kilasi, mahali na tarehe. Halafu nikaingia kwenye mipangilio. Kila sehemu ya rekodi ina swichi mbili: ionekane au isionekane, itafutike au isitafutike. Jina nikaliacha lionekane lakini lisitafutike. Mahali vivyo hivyo, tarehe vivyo hivyo. Ungeandika Kilasi, kiwanda, mlinzi, moto, mchana kutwa, usingepata kitu.

Nikaacha sehemu moja tu wazi, ya mada. Humo nikaandika maneno matatu. Jiko la mkaa.

Mzee Nyigo alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Na asipoandika?"

"Basi hajui jiko lake lilifanya nini, na matakwa ya mumewe yametimia. Kauli itabaki ghalani."

"Na akiandika?"

"Basi alikuwa anajua, na hakuna cha kumficha."

"Huu nao ni uchaguzi, Skola. Umeapa kutochagua."

"Najua nilichoapa, Mzee. Nenda kanywe maziwa yako."

Nilimjibu vibaya kwa sababu alisema kweli.

*

Ijumaa alifika saa mbili na nusu, amevaa vizuri, kilemba cha kijani na viatu vya kanisani. Erasto alimwacha kwa dada yake.

"Umeipata?" akauliza.

Jamani, nilijiandaa kwa swali hilo usiku kucha na bado lilinikata.

"Nimerekebisha mipangilio," nikasema. "Tafuta wewe mwenyewe, mama. Andika lolote unaloliona linafaa."

Alinitazama. Mimi najua kutazamwa na mtu anayenishuku; sijazoea kustahili. Akaenda mashine namba nne.

Bosko Kilasi. Hakuna kilichopatikana. Akakaa. Safari hii hakuondoka. Akaandika: kiwanda cha mbao. Hakuna. Akaandika mlinzi. Hakuna. Nilikuwa nimesimama kwenye meza ya mapokezi, nimeishika kadi yake mpaka imepinda. Saa ya ukutani ilisema saa tatu, ikasema saa tatu na nusu. Wafanyakazi wenzangu walikwenda kunywa chai saa nne, mimi sikwenda. Mzee Nyigo alifungua mlango wa ofisi yake akausimamia.

Mama Erasto aliandika makande. Hakuna.

Akavua kilemba, akakiweka mapajani, akakikunja taratibu kama nguo ya mtoto. Kisha akanyoosha kidole kimoja akaandika herufi nne, na kati ya herufi na herufi ungeweza kusali.

Jiko.

Mashine ikaleta jibu moja.

Hakulia. Alilisoma jina la mumewe pale kwenye kioo kwa muda mrefu. Nikamfuata na visikilizio mkononi, na maneno yote niliyoyapanga yakanikimbia.

"Mama Erasto, kabla hujafanya lolote, sikiliza. Alitoka nje. Alikuwa ametoka, akarudi kwa ajili..."

"Usiniambie." Akaushika mkono wangu. "Nitasikia huko, mbele yao. Nikisikia hapa sitaweza kutembea mpaka kule."

"Ulijua."

"Nilikuwa na majiko mawili, dada Skola. Miezi sita sasa napikia moja. Waliposema hawakukuta jiko kwenye majivu, nikasema basi, pengine si langu. Pengine alilitoa mapema, pengine limeibwa. Nilikuwa nakuja hapa naandika jina lake, mashine inasema hapana, narudi nyumbani nimepumua. Halafu namkuta Erasto anaandika Kilasi ukutani." Akasimama, akajifunga kilemba upya bila kioo, na kikakaa sawa. "Nichapie hiyo namba. Saa nane haiko mbali."

"Watakufuta wewe," nikasema. Sauti yangu ilikuwa imepanda, watu wakageuka. "Unaelewa? Hutasaini kitu. Hutaandikwa popote. Siku ukifa punje yako hatuipokei. Sitakupata!"

"Watafuta nini? Soma kadi yangu."

Nikaisoma, ingawa nilikuwa nimeishika asubuhi yote.

"Mimi ni Mgaya," akasema. "Mtoto anabeba jina la baba yake. La kwangu hajawahi kulibeba. Walichukue."

Nikamchapia namba.

*

Bosko Kilasi alisafishwa saa tisa na robo, Ijumaa hiyohiyo. Bwawa lilikaushwa wiki iliyofuata kuhakikisha, na jiko likatolewa limejaa tope, miguu yake mitatu mizima. Jina la Yusta Mgaya lilikuwa limefutwa dakika chache tu baada ya Bosko kusafishwa, kwa sauti ileile ya karani. Erasto sasa yuko darasa la tano, na anaandika Kilasi kwa mbwembwe zisizo na sababu.

Mzee Nyigo na mimi tulikwenda kujisema wenyewe. Yeye walimwacha astaafu kimyakimya, tena nyuki wake wamemkataa. Mimi walinipokonya mipangilio. Walisema mtu aliyechezea swichi mara moja atachezea tena, na mimi nami, ningekuwa wao, ningeshuku hivyohivyo. Wakanipa kazi ya kufundisha wageni wa kazi.

Mama Erasto anauza viazi soko kuu. Kadi yake mashine inaitema. Hakuna karatasi yenye jina lake, na watu wa Njombe wanaendelea kumwita Mama Erasto, maana sheria haijapata njia ya kulifuta hilo. Nikipita ananiongezea viazi viwili juu ya kipimo. Siulizi anataka nini.

Bibi Sekela wangu simwandiki tena, anisamehe huko aliko. Kila Januari wageni wanapokaa mbele ya mashine kufanya zoezi la kwanza, nawaonyesha mimi kwanza jinsi rekodi inavyoandikwa katika tawi la Majaribio. Jina: Yusta Mgaya. Mahali: Njombe. Mada: makande, jiko la mkaa, mke wa Bosko. Tundu la ghalani naliacha wazi. Mwisho wa mwaka, Ijumaa saa kumi jioni, mfumo unalifuta. Jumatatu naliandika tena.